Beji Saba Kwenye Kopo

Sehemu ya Kumi na Moja

Mlionisumbua wiki nzima mkiuliza ndani ya ile bahasha mlikuwa na nini, tulieni. Naifungua sasa hivi.

Tulimwacha Nyapara amesimama mbele ya meza ya afisa usalama, yule mama ambaye uwanja mzima wa mabomba humwita Mama Beji. Bahasha ya maabara ilikuwa imeshachanwa. Mama Beji alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

“Zimepanda,” alisema.

“Nini kimepanda?”

“Beji za kikosi chako. Zote saba. Kaa chini, Nyapara.”

Nyapara hakukaa. Alikuwa na hakika karatasi ile inasema uongo. Na hakika yake ilikuwa na sababu ambayo mtu hawezi kuitamka mbele ya afisa usalama: beji zile zilikuwa hazijakanyaga uwanja wa mabomba kwa wiki tano.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema upesi. Mafuta hayatoki kisimani peke yake. Hupanda pamoja na maji ya chumvi, na maji hayo, mwaka baada ya mwaka, huacha ukoko mgumu ndani ya mabomba. Ndani ya ukoko huo kuna kitu kinachotoa mionzi. Kikosi cha Nyapara, wanaume sita na yeye wa saba, kazi yao ni kuuparura. Kila mmoja huvaa kifuani beji ya plastiki, na ndani ya beji kuna kipande chembamba kinachotunza hesabu ya mionzi aliyoipata. Kila baada ya wiki tano vipande hivyo hupelekwa maabara.

Beji ikirudi hesabu yake imepanda, mwenyewe huondolewa uwanjani “apumzike”. Wawili walipumzishwa miaka mingi nyuma na hawakuitwa tena. Kikosi kikakaa kikao, kikakubaliana: vipande vitolewe, vifichwe mahali safi, na vifuani wabaki na plastiki tupu. Kopo la biskuti likatafutwa. Nyapara akakabidhiwa kopo.

Sasa vipande vilivyofichwa mahali safi vimerudi vichafu. Ungekuwa wewe, ungekaa?

“Tazama hizi tarakimu,” alisema Mama Beji, akamgeuzia karatasi. “Domo anashika mpira wa maji, kichwa chake kiko kwenye mdomo wa bomba kutwa nzima. Dereva wa winchi yuko juu ya kiti chake, huko mwisho wa uwanja. Wamepata kipimo kimoja, karibu sawasawa. Nieleweshe.”

“Labda maabara wamechanganya.”

“Nimewapigia. Wamepima mara mbili.”

Uongo ulimjia Nyapara wenyewe, tena kwa mpangilio mzuri, kama ilivyo kwa mtu mwenye miaka kumi na miwili ya mazoezi.

“Afisa, nitakuambia ukweli. Vijana wakitoka kazini huzitundika beji stoo. Na stoo iko jirani na lile rundo la mabomba ya kutupwa. Nadhani ndiyo sababu.”

Mama Beji alivuta droo, akatoa kipimo chake cha mionzi, kile kiboksi cha njano chenye mkono wa waya. “Twende stoo,” alisema.

Waliukata uwanja kwa miguu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na mabomba yamepangwa safu kwa safu, yale ya kutupwa yamezungushiwa mstari wa rangi ya njano kila ncha. Kikosi kizima kiliacha kazi na kutazama. Domo, ambaye hakupewa jina hilo bure, alimsogelea Nyapara ubavuni na kunong’ona.

“Kuna nini?”

“Zimepanda.”

“Zipi?”

“Zetu. Zote.”

Domo alisimama. “Si ulisema umelihamishia kopo nyumbani?”

“Nililihamishia nyumbani.”

“Kwani nyumbani kwako kumechimbwa kisima?”

Aliyekuwa karibu akaangua kicheko, na wa pili akamfuata. Nyapara alitaka kucheka nao. Badala yake alikaza mwendo, kwa sababu mzaha ule wa Domo ulikuwa swali, na swali lenyewe alikuwa hajajiuliza tangu asubuhi.

Pale kwenye rundo, kipimo kilipiga kelele bila kupumua. Ndani ya stoo kilinyamaza. Kilitoa mlio mmoja, kikakaa, kikatoa mwingine. Mama Beji alikizungusha kwenye misumari yote saba ya kutundikia, akakizima.

“Stoo ni safi,” alisema. “Nyapara, funga mlango.”

Alifunga.

“Unamkumbuka Patasi?”

Nani asiyemkumbuka Patasi? Ndiye aliyemfundisha Nyapara kushika chuma cha kuparulia. Miaka kumi na tisa kwenye ukoko, na sasa yuko wodini na saratani ya mifupa, mguu mmoja hauwezi kubeba hata shuka.

“Daktari wake aliniandikia barua,” alisema Mama Beji. “Aliuliza kama mgonjwa amewahi kufanya kazi penye mionzi, na kwa kiasi gani. Nikafungua faili. Miaka yake yote ya mwisho ni sifuri, sifuri, sifuri. Nikaandika hivyohivyo. Nikatia sahihi yangu. Daktari akajibu kwamba basi, kazi haihusiki, na wakubwa wakalifunga faili.”

Nyapara alitazama sakafu.

“Hakuna anayeweza kuapa saratani ya Patasi imetoka kwenye ukoko,” aliendelea. “Watu wanaugua bila kugusa bomba. Lakini anayekaa na mionzi miaka mingi, hatari yake huongezeka, na ile karatasi ndiyo peke yake ingemtetea. Nimekaa na wewe miaka minane. Nimekula sherehe za watoto wako. Leo ndiyo najua nimemwandikia mgonjwa uongo kwa mkono wangu mwenyewe. Nakuuliza mara moja tu. Zilikuwa wapi?”

Kuna watu wakibanwa huja juu. Nyapara si wao. Akibanwa huwa mdogo. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

“Zilikuwa kwenye kopo.”

“Kopo liko wapi?”

“Zamani lilikuwa kwenye kabati langu hapa. Ulipoanza kupekua makabati, nikalipeleka nyumbani.”

“Wapi nyumbani?”

“Chini ya kitanda.”

“Chako?”

“Cha binti yangu. Amepumzishwa na daktari. Nilijua chumba cha mgonjwa hakuna atakayekipekua.”

Mama Beji alipouliza tena, aliuliza polepole.

“Kitanda chenyewe ni cha nini?”

“Cha chuma.”

“Chuma gani, Nyapara?”

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kofia ngumu mapajani, na akaziba uso kwa viganja vyote viwili.

“Niliziba ncha zote za mabomba,” alisema. “Nilichomelea vifuniko, hakuna hata tundu la sindano. Vumbi haliwezi kutoka. Siku zote tunaambiana shida ni vumbi.”

“Vumbi ni shida ukilivuta. Mionzi yenyewe haisubiri tundu, inapita kwenye chuma. Na alama ya njano?”

“Nilipaka rangi ya maziwa juu yake.”

Mama Beji alichukua funguo za gari.

Njiani Nyapara alipiga simu nyumbani. Aliomba mkewe asipokee, na mkewe akapokea kwa mlio wa kwanza.

“Mama watoto, mtoe kitandani huyo mtoto.”

“Nimtoe aende wapi? Daktari kasema hata maji ya kuoga apelekewe hapohapo.”

“Badilisha shuka.”

“Nimebadilisha asubuhi. Una nini wewe?”

“Basi. Nakuja,” alisema, akakata simu. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi na hakulitoa. Mama Beji alikuwa amelisikia lote hilo, na hakumsaidia kwa hata herufi moja.

Msomaji, usimhurumie haraka. Lakini pia elewa kilichokuwa ndani ya chumba kile. Binti wa Nyapara ni mtoto wake wa pekee wa kike. Mimba mbili zilishamtoka. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano ikaanza kutikisika, na daktari akaamuru alale mpaka siku ya kujifungua, asiinuke ila kwa dharura. Mume wake yuko safarini kikazi. Akarudi kwa wazazi, na baba mtu akajifungia karakana siku tatu na mchomeleaji kumtengenezea kitanda kisicholia hata kikitikiswa. Wiki saba sasa amelala juu yake. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini: mjukuu ambaye nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole isimwamshe.

Mkewe aliwapokea mlangoni, khanga begani, uso umejaa furaha ya mgeni.

“Karibu dada, karibu ndani. Huyu mwenzangu haniambii kama analeta mtu, ningeshaweka hata chai.”

“Asante, mama. Hatutakawia.”

Binti alikuwa amelala ubavu, mito miwili mgongoni, mkono mmoja juu ya tumbo. Alitaka kujiinua kwa heshima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Usiinuke.”

“Baba, mbona mapema? Wamekufukuza?”

Nyapara alitoa kicheko cha kulazimisha. Alikuwa ameipanga sentensi yake tangu kwenye gari, maneno machache tu. Alipofungua mdomo yakatoka mengine kabisa.

“Afisa ana kifaa chake hapa. Anapima unyevunyevu. Kwenye kuta.”

Mama Beji alimtazama. Kisha akakiwasha kipimo na kumwekea mkononi.

“Pima wewe,” alisema. “Nyumba ni yako.”

Alikielekeza ukutani. Mlio mmoja. Kimya. Mlio mmoja.

“Teremsha mkono.”

Akateremsha. Milio ikaanza kukaribiana. Alipofika usawa wa mto ilikuwa inakimbizana, na kwenye nguzo ya kichwani ikashikana ikawa sauti moja ndefu. Binti aligeuza shingo kukitazama kiboksi kile, akaanza kucheka.

“Unyevu wote huo uko kitandani? Baba, naapa sijajikojolea.”

Mama mtu naye akacheka, mkono mdomoni, akimwonea haya mgeni. Wakacheka wote wawili, mama na mwana, wakati kipimo kinalia mkononi mwa Nyapara.

Kicheko kile ndicho kilichomvunja. Angetukanwa, angejitetea. Alikizima kifaa, akapiga magoti kando ya kitanda, na machozi yalimtangulia.

“Si unyevu,” alisema. “Nimesema uongo. Ni mionzi. Imo ndani ya mabomba ya kitanda hiki. Nilijua mabomba yametoka wapi, na alama nilipaka rangi juu yake mwenyewe. Hakuna aliyenidanganya.”

Binti hakulia. Mkono wake tumboni ulibana zaidi.

“Wiki saba, Baba,” alisema.

“Najua.”

“Wiki saba siinuki. Najisaidia kwenye beseni mbele ya mama yangu kama kichanga, ili nisimdhuru mtoto.”

Kopo la biskuti lilikuwa hapo chini, karibu na goti la Nyapara, naye alitamani angeweza kuingia ndani yake na kujifunika.

Mkewe ndiye aliyerudiwa na akili kwanza. Hakupiga kelele. Alifunga khanga kiunoni, akashika ncha mbili za godoro.

“Shika miguuni,” alimwambia mumewe. “Utalia baadaye.”

Watatu wakambeba binti juu ya godoro lake, hatua kwa hatua, hadi chumba cha wazazi, kwenye kitanda cha mbao. Mama Beji alipitisha kipimo juu, chini na pembeni. Kilinyamaza. Akalipima na godoro lenyewe, nalo lilikuwa safi.

“Mama,” binti alimuuliza afisa, “mtoto wangu ameumia?”

“Siwezi kukuambia ameumia, wala siwezi kukuapia kwamba hajaguswa,” alisema Mama Beji. Alikaa pembezoni mwa kitanda na kumshika kiganja. “Kiasi nilichokiona si cha kutia wazimu. Si jambo la kuangusha mtu leo wala kesho. Hatari yake ni ya kujikusanya, siku juu ya siku, na wewe umeshatoka. Daktari ataambiwa kila kitu, kwa tarakimu za kweli. Safari hii nitaziandika za kweli.”

Binti alishusha pumzi ndefu. Hata Nyapara, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alisogea hatua moja ndani. Laiti hadithi ingeishia hapo. Mimi mwenyewe ningeweka kalamu chini.

“Sawa,” alisema mkewe, tayari anakusanya nguo kwenye mfuko. “Nyumba hii hailali tena leo. Nampeleka zahanati sasa hivi. Akalazwe wodi ya wazazi mpaka siku yake ifike. Kule kuna wauguzi, na vitanda vyake vizuri.”

“Ndiyo, Mama,” alisema binti. “Nipeleke huko.”

Nyapara alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Binti alimwona. Mtoto aliyelelewa na mtu humjua anavyokaa kimya.

“Baba? Zahanati kuna nini?”

Mwaka jana, msomaji, akina mama wa zahanati ile walikuwa wanajifungulia mikekani, wawili wawili. Nyapara aliposikia aliumia kweli, hilo nakiri kwa niaba yake. Yeye na mchomeleaji wake wakafanya kazi jioni za mwezi mzima. Siku ya kukabidhi akawekewa kiti mbele, akapigiwa makofi, na mkewe akashona nguo mpya. Hakuna siku aliyowahi kupendwa na watu kama ile.

“Vile vitanda vya wodi,” alisema. Sauti ilimkatika, akaianza upya. “Vile vitanda ni vyangu.”

Mkewe aliacha mfuko ukaanguka.

“Vingapi?” aliuliza Mama Beji.

“Sita.”

“Mabomba ya wapi?”

“Rundo lilelile.”

“Vifuniko vilevile? Rangi ileile ya maziwa?”

Aliitikia kwa kichwa.

“Na leo vimelaliwa vingapi?”

Nyapara hakujua. Aliyejua alikuwa mkewe, aliyepita zahanati asubuhi ileile kuchukua vidonge vya binti. Alijibu akiwa anatazama ukuta, hataki kumwona mumewe.

“Vyote.”

Mama Beji alishaanza kutoa simu yake, kisha akairudisha mfukoni. “Hapana,” alisema. “Piga wewe. Wanakujua.”

Nyapara alikosea namba mara mbili. Ya tatu ikaita. Sista mkuu wa wodi alipokea, na chumba kizima kikamsikia, kwa sababu Nyapara alikuwa amebonyeza spika bila kujua.

“Mfadhili wetu,” alisema sista kabla ya salamu. “Sasa hivi tu tulikuwa tunakutaja.”

“Sista, sikiliza.”

“Subiri kwanza, utafurahi. Kuna mama amejifungua mapacha alfajiri, kitanda namba tatu. Kichanga mmoja ubavu huu, mwingine ubavu huu, mito imeegemea nguzo zako. Namwambia nimhamishie chumba cha pili kuna nafasi, amegoma. Anasema hajawahi kulala pazuri namna hii. Na mmoja ni wa kiume.”

“Sista.”

“Anataka ampe jina lako. Sisi huku tunakuita Mfadhili tu, hakuna anayelijua lile la kwenye karatasi.” Nyuma yake vichanga vilisikika vikilia, kwanza mmoja, kisha wote wawili. “Kalamu ninayo hapa. Niandike nani?”